Jiwe Hubaki, Mzizi Huoza

Januari 1823 William Buckland, kasisi na profesa wa jiolojia wa Chuo Kikuu cha Oxford, alifika katika pango la Paviland, kwenye majabali ya bahari kusini mwa Wales, akafukua mifupa ya mtu asiye na fuvu. Mifupa ilikuwa imekolea udongo mwekundu, na pamoja nayo kulikuwa na makombe yaliyotobolewa, vijiti vya pembe na vipande vya pete. Mwanzoni Buckland alidhani amempata afisa wa forodha aliyeuawa na wafanya magendo. Baadaye akabadili mawazo. Mapambo kama yale, aliona, hayawezi kuwa ya mwanamume. Na kwa kuwa juu ya pango palikuwa na mabaki ya ngome ya kale, akaamua kwamba marehemu alikuwa mwanamke wa enzi za Warumi aliyeishi kwa kuwahudumia askari. Akaitwa Bibi Mwekundu wa Paviland. Jina hilo linatumika hadi leo, ijapokuwa wataalamu wamekwisha kuthibitisha kwamba mifupa ni ya kijana wa kiume, aliyezikwa miaka ipatayo 33,000 iliyopita, wakati watu wa huko wote walikuwa wakiishi kwa kuwinda na kukusanya.

Karibu karne mbili baadaye, mwaka 2018, kosa la aina hiyohiyo nusura litokee kwa upande wa pili. Mahali paitwapo Wilamaya Patjxa, kwenye nyanda za juu za Peru, mita 3,925 juu ya usawa wa bahari, timu ya mwanaakiolojia Randall Haas ilifukua kaburi la miaka 9,000 hivi. Juu ya paja la marehemu kulikuwa na rundo la zana za mawe: ncha za mikuki, vipande vyenye makali, zana za kukwangulia ngozi, na madonge ya udongo mwekundu wa kulainishia ngozi. Zilikaa pamoja kana kwamba ziliwekwa mfukoni, na mfuko ukaoza ukaziacha zilivyo. Kando ya shimo watu wakaanza kusema: huyu alikuwa mwindaji hodari, pengine mkuu wa watu wake. Mtaalamu wa mifupa akashangaa wembamba wa mifupa ile. Ilibidi kupima protini iliyomo katika gamba la nje la jino, ambayo hutofautiana kati ya mwanamume na mwanamke, ndipo jibu likapatikana. Mwindaji alikuwa msichana wa miaka 17 hadi 19.

Haas na wenzake wakarudi kwenye kumbukumbu za makaburi mengine ya kale ya bara zima la Amerika, watu 429 kutoka maeneo 107. Kati yao, watu 27 waliojulikana jinsia zao walikuwa wamezikwa na zana za kuwindia wanyama wakubwa. Kumi na mmoja walikuwa wanawake. Baadhi ya makaburi hayo yalifukuliwa zamani, na zana zilizokutwa ndani yake ziliwahi kuelezwa kuwa ni visu tu. Mkuki ukikutwa kwa mwanamume ni mkuki. Ukikutwa kwa mwanamke unageuka kisu cha kukatia mboga.

Anayefukua shimo haingii na mikono mitupu. Anaingia na picha ya nyumba aliyokulia, ya nani hutoka asubuhi na nani hubaki, na picha hiyo huweza kuhamia ardhini kabla hata jembe halijagusa udongo. Suala hili linaigusa Afrika Mashariki kuliko sehemu nyingi za dunia, kwa sababu simulizi kuu kuhusu familia ya kwanza ya binadamu ilisukwa kwa ushahidi wa bonde la Olduvai na mwambao wa Ziwa Turkana.

Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey alikuta Olduvai fuvu la kiumbe aliyepewa jina la Zinjanthropus. Sehemu ile, yenye umri wa takriban miaka milioni 1.8, ilitoa maelfu ya vipande vya mawe na mifupa ya wanyama vikiwa vimelala pamoja. Sehemu nyingine ya bonde ikatoa duara la mawe lenye upana wa mita chache, ambalo Mary Leakey alilieleza kuwa huenda ni msingi wa kibanda au wa kizuizi cha upepo. Kwa wengi hiyo ilitosha kuona kaya. Katika miaka ya 1970 Glynn Isaac, aliyefanya kazi kwa muda mrefu nchini Kenya, alitoa maelezo yaliyopangika vizuri: viumbe wale walikuwa na makao ya kurudia, wanaume wakileta nyama, wanawake wakileta mimea, na chakula kikigawanywa hapo. Kugawana chakula, kwa maoni yake, ndiko kulikofungua njia ya lugha na ya ushirikiano. Mwaka 1981 Owen Lovejoy akaenda mbali zaidi: binadamu alisimama kwa miguu miwili, alidai, kwa sababu dume alihitaji mikono ya kumbebea chakula jike wake mmoja aliyebaki nyuma na watoto.

Isaac alikuwa mtafiti makini, na aliendelea kuipima hoja yake mwenyewe hadi alipofariki mwaka 1985. Lakini tazama jinsi hoja ilivyojengwa. Mawe na mifupa vilikuwepo, vikihesabika. Dume anayerudi na paja la swala na jike anayemsubiri hawakuwepo popote ardhini. Mwanaakiolojia Lewis Binford alipochunguza upya alama kwenye mifupa ile aliona meno ya fisi na simba yakitangulia, akasema viumbe wale walikuwa wakiokota mabaki. Duara la mawe nalo likaingiwa na shaka, maana mizizi ya mti inaweza kusukuma mawe yakakaa mviringo.

Kishindo cha picha hiyo kilikuwa kimekwisha kutoka Chicago. Aprili 1966 Richard Lee na Irven DeVore waliwakusanya huko wataalamu wa jamii za wawindaji kutoka pande nyingi za dunia, na kitabu cha mkutano huo, Man the Hunter, kikachapishwa mwaka 1968. Humo Sherwood Washburn na mwenzake walieleza kwamba akili, hisia na maisha ya kijamii ya binadamu ni matunda ya uwindaji. Cha kustaajabisha ni kwamba kitabu hichohicho kilibeba takwimu zilizoidhoofisha hoja hiyo. Lee alionyesha kwamba miongoni mwa Waju/'hoansi wa jangwa la Kalahari sehemu kubwa ya chakula ilikuwa mimea, iliyokusanywa zaidi na wanawake. James Woodburn, Mwingereza aliyekuwa ameishi na Wahadzabe wa Tanganyika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, alikadiria kwamba kwa uzito kiasi cha asilimia 80 ya chakula chao kilikuwa mimea, na nyama pamoja na asali vilichukua asilimia 20. Kichwa cha kitabu kikashinda yaliyomo. Mwaka 1971 mwanaanthropolojia kijana wa Marekani, Sally Slocum, aliuliza swali rahisi mno: ikiwa uwindaji wa wanaume ndio uliounda binadamu, nusu ya pili ya binadamu ilikuwa ikifanya nini? Alipendekeza kwamba chombo cha kwanza muhimu huenda hakikuwa silaha hata kidogo, bali mbeleko ya mtoto au mfuko wa kubebea matunda na mizizi.

Wahadzabe wanastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi.

Wanaishi kuzunguka Ziwa Eyasi na bonde la Yaeda, kaskazini mwa Tanzania, umbali usio mkubwa kutoka Olduvai. Ni watu zaidi ya elfu moja, na waliobaki wakitegemea pori kwa sehemu kubwa ya chakula chao ni wachache kuliko hapo. Asubuhi wanawake wa kambi hutoka kwa kundi, wengine na watoto mgongoni, mara nyingi wakisindikizwa na kijana mwenye upinde. Kila mmoja ana mti wa kuchimbia, uliochongwa ncha na kukomazwa kwa moto. Wakifika penye mizizi huketi chini, huigonga ardhi na kusikiliza, kisha huchimba katikati ya mawe kwa saa mbili au tatu. Sehemu ya mizizi huchomwa na kuliwa palepale. Iliyobaki hubebwa kambini. Kuna matunda madogo ya msituni kwa msimu wake, na kuna mabuyu, ambayo mbegu zake hupondwa na unga wake huwalisha watoto na wakubwa.

Mwanamume hutoka peke yake. Ana upinde mgumu kuuvuta na mishale, mingine ikiwa imepakwa sumu ya mdagu, ule mmea wa maua ya waridi unaopendwa siku hizi kwenye bustani za mijini. Anafuata nyayo, anavizia penye maji, na akisikia sauti ya mlembe, ndege anayewaongoza watu kwenye mizinga ya nyuki, huacha mengine yote akamfuata. Asali ndiyo chakula ambacho Wahadzabe wa jinsia zote mbili hukipenda kuliko vyote. Nyama kubwa ni jambo jingine. Katika miaka ya 1980 Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliwafuatilia wawindaji siku baada ya siku na kukuta kwamba mtu mmoja alipata mnyama mkubwa kwa wastani wa mara moja kila siku 29 za kuwinda. Twiga akianguka, kambi nzima huhamia kwake, na nyama hugawanywa kwa wote. Aliyeua hana haki ya kuiweka kwa ajili ya mkewe na wanawe. Mtoto ambaye baba yake hajaua kitu mwezi mzima atakula kama mwingine yeyote, na siku 28 zilizobaki atakula kilichochimbwa.

Kilichochimbwa na nani, hasa? Hapo ndipo watafiti hao walipokuta jambo ambalo hawakulitafuta. Wanawake waliokuwa wakichimba kwa saa nyingi kuliko wote walikuwa bibi, waliokwisha kupita umri wa kuzaa. Watoto walipopimwa uzito, kunenepa kwao kulitegemea bidii ya mama. Lakini mama akijifungua mtoto mwingine, uzito wa yule aliyeachishwa ziwa ulianza kufuata bidii ya bibi. Mizizi iliyofichika chini ya mawe haiwezi kuchimbwa na mtoto wa miaka mitatu, kwa hiyo mtu mzima asiye na mtoto mchanga ni hazina. Kutokana na hayo Hawkes na wenzake walitoa katika miaka ya 1990 maelezo mapya ya fumbo la zamani: kwa nini wanawake wa binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, wakati sokwe jike hufikia uzee wake karibu pamoja na mwisho wa uzazi. Bibi, walisema, alirefusha maisha ya binadamu kwa kuwalisha wajukuu. Wapo wanaopinga. Frank Marlowe, aliyekaa na Wahadzabe kwa vipindi vingi tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba baba naye huongeza juhudi, hasa kwa asali na wanyama wadogo, mke anapokuwa na mtoto mchanga. Hoja hizo mbili zinaweza kusimama pamoja. Isiyosimama tena ni ile ya jike aliyekaa kambini akisubiri.

Na mtu akisikia kwamba upinde ni wa wanaume na mti wa kuchimbia ni wa wanawake, asiharakishe kusema kwamba basi wanaume ndio watawala. Kosa hili limeenea hata miongoni mwa waliosoma sana. Woodburn, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1982 kuhusu jamii za usawa, alieleza kwamba Wahadzabe hawana mtu wa kuamrisha mwenzake. Kila mwanamume ana mishale ya sumu na aliyelala hana ulinzi, kwa hiyo anayetaka kuwakandamiza wengine anahatarisha maisha yake usiku uleule. Mtu asiyeridhika na kambi hubeba vitu vyake akaenda kambi nyingine, na mwanamke hufanya hivyo kama mwanamume. Ndoa haina sherehe kubwa. Watu wawili huanza kulala pamoja wakajulikana ni mke na mume, na mume akikaa mbali kwa wiki nyingi anaweza kurudi akakuta ndoa haipo. Wanandoa vijana mara nyingi huishi kambi moja na mama mzazi wa mke, naye mkwe hujitahidi kumletea mama huyo nyama na asali. Mwanamke anayejilisha mwenyewe na watoto wake kila siku, akiwa na mama yake jirani, hana sababu ya kumvumilia mume mkorofi.

Hii haimaanishi kwamba hakuna mvutano. Wanaume watu wazima wana nyama yao, iitwayo epeme: viungo fulani vya mnyama mkubwa, kama figo na moyo, huliwa na waliokubaliwa tu, kwa siri, na mwanamke hapaswi hata kuwaona. Usiku usio na mwezi huchezwa ngoma ya jina hilohilo, wanaume wakiingia mmoja mmoja na njuga mguuni. Ngoma hiyo haichezeki bila wanawake kuimba. Wasichana nao wana siku zao, maitoko, wakati wa kuvunja ungo: hupakwa mafuta, huvalishwa shanga, kisha huwafukuza wavulana kwa fimbo na kuwachapa kwelikweli.

Na kuna hadithi. Wahadzabe husimulia juu ya bibi mmoja wa kale, Mambedaka, aliyejivika kama mwanamume, akachukua upinde, akawinda pundamilia kwa ustadi, na nyama ya epeme ikawa mali yake, mpaka wanaume walipoinuka na kuitwaa. Hadithi si ushahidi wa yaliyotokea. Inaonyesha kwamba watu hawa, bila kusubiri profesa, wamekwisha kujiuliza kwa nini upinde uko mkono huu na si ule, na wakajibu kwamba mambo yangeweza kuwa vingine.

Sasa mtu ajaribu kuifikiria kambi ya Wahadzabe baada ya miaka elfu kumi. Vibanda vya nyasi vimeoza. Mti wa kuchimbia umeoza, mifuko ya ngozi imeoza, maganda ya mizizi na ubuyu yamekuwa udongo. Kilichobaki ni mifupa michache ya pundamilia na ngiri, na zana ngumu zilizotumika kuwaulia na kuwachuna. Mwanaakiolojia akifika ataona kambi ya wala nyama, na kama anaamini kwamba nyama ni kazi ya wanaume, ataona kambi ya wanaume. Chakula cha siku 28 kitakuwa kimefutika, na pamoja nacho jasho la wanawake na watoto waliokileta.

Mara chache ardhi huonyesha huruma. Kwenye maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania, maji yaliyojaa udongoni yalizuia kuoza, na mwaka 2023 timu ya Larry Barham ilitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakapachikana, yenye miaka isiyopungua 476,000. Pamoja na vipande vingine vya mbao vya zama za baadaye kulikuwa na mti wa kuchimbia. Katika pango la Border, Afrika Kusini, Lyn Wadley na wenzake walikuta mabaki ya mizizi yenye wanga iliyoungua kwenye majivu ya miaka 170,000 iliyopita. Mtu aliichimba mlimani, akaileta pangoni kuichoma, na huenda kuwagawia waliokuwepo. Hata Wilamaya Patjxa, ambako msichana mwindaji alijipatia umaarufu wa dunia nzima, uchunguzi wa kemikali katika mifupa ya watu 24 wa eneo lile, uliochapishwa Januari 2024, ulionyesha kwamba asilimia 80 ya chakula chao ilikuwa mimea, hasa mizizi ya jamii ya viazi. Magazeti yaliyompigia chapuo yule msichana mwenye mkuki hayakuvishangilia viazi vyake.

Hapo pana somo linalowahusu hata walio na nia njema. Jibu la picha ya zamani haliwi kumkabidhi mwanamke mkuki na kumpigia makofi, kana kwamba kazi ya kuchimba haina heshima mpaka mtu aiache. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani walipitia maandishi kuhusu jamii 63 na kutangaza kwamba katika 50 kati ya hizo wanawake waliwinda. Mwaka uliofuata Vivek Venkataraman na wenzake wengi wakajibu kwamba jamii hazikuchaguliwa kwa utaratibu, na kwamba mwanamke aliyewinda mara chache alihesabiwa sawa na mwindaji wa kila siku. Hata mifupa ina neno: Sébastien Villotte alichunguza viwiko vya watu wa kale wa Ulaya, akakuta madhara yatokanayo na kurusha kwa nguvu kwenye mikono ya kulia ya wanaume, si ya wanawake.

Picha ya kweli ina rangi nyingi. Wanawake wa Agta, kaskazini mwa Ufilipino, waliwinda nguruwe pori na paa kwa mbwa, mapanga na mishale, wengine wakiwa na watoto wadogo, kama walivyoandika Agnes Estioko-Griffin na Bion Griffin. Katika msitu wa Ituri, Kongo, Wambuti huwinda kwa nyavu, na wanawake ndio wanaopiga kelele na kuwafukuza wanyama waingie wavuni. Bila wao hakuna windo. Mwaka 2015 Mark Dyble na wenzake walionyesha, kwa kulinganisha Waagta na Wambendjele wa Kongo-Brazzaville, kwamba pale mume na mke wanapokuwa na sauti sawa kuhusu wapi pa kuishi, kambi hujaa watu wasio ndugu wa karibu, na hivyo ndivyo kambi hizo zilivyo.

Wala Wahadzabe si dirisha la kuchungulia miaka milioni mbili. Ni watu wa leo, wenye historia ndefu kama ya mtu yeyote. Kwa vizazi vingi wamebadilishana asali na nyama kwa chuma, tumbaku na nafaka za Waisanzu, Wairaki na Wadatoga; vichwa vya mishale yao ni misumari iliyofuliwa. Mashamba na ng'ombe vimekula sehemu kubwa ya pori lao, na mwaka 2011 wale wa bonde la Yaeda walipata hatimiliki ya kimila ili kulinda lililobaki. Anayewatumia kama mfano wa binadamu wa kwanza huku akisahau hayo anawakosea wao kwanza, kisha anaikosea sayansi.

Macho ya mtazamaji huingia hata kwenye rangi. Mwaka 1951 Mary Leakey na mumewe Louis walinakili michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo tangu 2006 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwenye mwamba mmoja wa Kolo kuna watu warefu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu: mmoja katikati, na wenzake pande zote mbili wakimshika mikono. Mary Leakey aliona mwanamke anayetekwa, wengine wakimvuta na wengine wakijaribu kumwokoa. Katika miaka ya 1980 David Lewis-Williams, aliyetumia maisha yake kuisoma michoro ya Wasan wa Afrika Kusini, aliutazama mchoro uleule akakumbuka simbo, ngoma ya uponyaji ya Wasandawe waishio jirani, ambamo mchezaji hupandisha mzuka na wenzake humshikilia asianguke. Mkono uliokuwa wa mtekaji ukawa wa msaidizi. Rangi mwambani haikubadilika hata nukta. Tafsiri ya pili ina nguvu zaidi, kwa sababu ilianzia kwenye desturi ya wenyeji ambamo mikono hushikana hivyo.

Kuanzia kwa wenyeji ndiko kulikoleta pia jibu zito kuhusu zana za mawe zenyewe, ambazo kwa miaka mingi vitabu viliziweka mikononi mwa wanaume bila maelezo. Joan Gero alilipinga hilo mwaka 1991 kwa hoja: hakuna kitu katika kugonga jiwe kwa jiwe kinachomhitaji mwanamume. Ushahidi ulio hai ulitoka Ethiopia ya kusini. Kathryn Weedman Arthur aliishi na mafundi wa ngozi wa Konso, ambao mpaka mwishoni mwa karne ya 20 walikuwa bado wakitengeneza zana za mawe za kukwangulia ngozi za ng'ombe. Mafundi hao kwa sehemu kubwa ni wanawake. Wao huchagua jiwe, hulifuata mbali linakopatikana, hulichonga, hulitia mpini, na humfundisha binti kwa miaka mingi mpaka mkono wake ukomae. Bibi mwenye ujuzi mkubwa hutambulika kwa ubora wa makali yake. Safari isiyo ndefu kutoka hapo, kwa Wagamo, kazi hiyohiyo ya ngozi kwa zana za mawe ni ya wanaume, na mtoto wa kiume huirithi kwa baba. Jamii zote mbili zina zana za kukwangulia ngozi, zote za mawe, na zote zikitupwa jalalani huweza kudumu miaka maelfu. Atakayezifukua siku moja atakuwa na vipande vya mawe mkononi, na nafasi ya kuandika kando yake jina la jinsia iliyovichonga.